Dakika Kumi na Tano za Mwanzo

Faili limefika asubuhi, na barua fupi ya Otylia:
"Sikiliza sampuli. Dakika kumi na tano tu.
Ukinyamaza hadi Ijumaa
tutahesabu kimya chako kuwa ndiyo."

Nimefunga dirisha, tramu isije ikaingia kitabuni.
Nimezima friji. Nimevaa hedifoni za mwanangu,
zinanuka mafuta yake ya nywele,
nikakaa na penseli kama karani wa mahakama.

Ireneusz Gawlik, miaka thelathini jukwaani Poznań.
Sauti yake ni mbao iliyopigwa randa mara saba:
unapitisha kiganja, hukuti kibanzi.
Analitaja jina langu, Halszka,
kana kwamba nimeshakufa na nimepewa mtaa.

Naandika.
Dakika ya pili: tumbo limenguruma. Ni lake, si la mhusika.
Dakika ya nne: shangazi Leokadia si kikongwe wa hadithi.
Alikuwa na miaka thelathini na minane,
alivuta sigara, alitukana kwa furaha. Mwondolee huo mtetemo.
Dakika ya sita: kebo, si kamba.
Lifti haining'inizwi kwa kamba ya kuanikia nguo.

Kisha, dakika ya saba na sekunde arobaini,
baba anafungua mdomo.

"Mlango ukigoma usiulazimishe, binti yangu.
Uulize una nini."

Yote kwa pumzi moja,
laini kama lifti ya hoteli mpya.
Nikavua hedifoni. Nikasema, peke yangu jikoni:
huyu siye.

Baba yangu Zenon alitengeneza lifti za Retkinia, Łódź,
ghorofa kumi kwa kila jengo,
na maneno yake yalikwama kati ya ghorofa na ghorofa.
M ndiyo iliyomtesa.
"M— m— m—" na sisi watoto tukadakia: "Mlango!"
mama akitukata jicho.
Mara nyingine alitaka mkate.
Alipewa mlango, akaupokea, akanyamaza.

Nikashika penseli niandike: Msomaji hakumwelewa baba.
Nikafungua mswada, ukurasa wa kumi na moja,
nimshtaki kwa ushahidi.
Sentensi ipo. Imenyooka. Mkato mmoja, nukta mbili.
Hakuna kistari. Hakuna m ya pili.
Nikapekua kurasa mia tatu na sita
hadi chai ikaota utando:
baba hakukwama hata mara moja.

Aliyempiga randa ni mimi,
kabla Gawlik hajakohoa mbele ya maikrofoni.
Miaka minne nikiita kazi hiyo kuhariri.

Nimempigia Otylia.
Nimemwambia sitaki kigugumizi cha jukwaani,
watu wakakicheke ndani ya magari yao.
"Sasa unataka nini?"
"Asimame."
"Wapi?"
"Kabla ya m."
"M zote?"
Nikafikiri. "Za baba tu.
Nami nitazirudisha sentensi zake zilivyokuwa."
Akashusha pumzi ndefu. Studio hulipiwa kwa saa.

Zile noti nyingine nimezituma, isipokuwa ya tumbo.
Tumbo libaki. Baba naye alikwenda kazini na njaa.

Leo Alhamisi, jioni, faili la pili:
sekunde ishirini na mbili.
Gawlik anavuta hewa.
Halafu hakuna kitu. Kitu hakuna bado.
Namsikia akimeza mate.
Na midomo yangu, yenye miaka hamsini na mitatu,
imeshabana, imeshaishika m,
inataka kumsaidia.

Nimeifunika kwa kiganja.
Ngoja aseme mwenyewe.