Kopo la Bořivoj

Misonobari ni ile ile, jiwe ni lile lile,
satelaiti zimeniahidi hatua tatu kaskazini.
Nimepekua. Kopo halipo.
Na kopo ni langu.

Tuseme ni letu. Bořivoj ndiye aliyelificha,
mwaka ule tuliponunua bati jipya la banda.
Alikwenda kwanza kwa mwenye msitu, amechana nywele,
kuomba ruhusa ya kopo la nusu lita.
Hrdlička alicheka hadi akakohoa:
"Mnaficha kitu, halafu mnawaambia watu kilipo?"
Ndiyo. Ndio mchezo wenyewe.
Watu wazima, tena wenye mikopo ya nyumba,
wanatambaa vichakani humu Moravia
ili waandike majina kwenye karatasi yenye ukungu.

Alipokufa nilirithi buti zake na malalamiko.
"Daftari limelowa." Nikapanda na daftari jipya.
"Kalamu haiandiki." Januari hugandisha wino;
nikapeleka penseli.
Kuna aliyeacha soseji, kwa ukarimu nadhani:
nguruwe mwitu walisoma harufu kabla ya mtu kusoma ramani,
wakatuachia kifuniko chenye alama za meno.
Kuna aliyechukua sarafu ya shaba
akaweka tiketi ya tramu iliyokwisha kutumika,
wakati hata watoto wanaobadilishana gololi
wanajua kipi ni sawa na kipi.
Na yule wa Brno, na sanduku lake la risasi la jeshi,
alilibana chini ya daraja la reli!
Treni zilisimama saa tatu, polisi wakaleta roboti,
roboti ikafungua, ikakuta dubu wa plastiki.
Tangu hapo tunaandika ubavuni kwa herufi kubwa:
HAKUNA HATARI. NI MCHEZO.
Maneno ambayo, ukiyafikiria, yanatisha zaidi.

Sasa nimepiga magoti kwenye majani yaliyooza.
Mwokota uyoga anapita na kikapu, ananitazama.
Nafunga kamba ya kiatu iliyokwisha fungwa
kama Bořivoj alivyonifunza:
jicho moja la mpita njia,
na kesho kopo liko kwenye pipa la taka.
"Umepoteza kitu, mama?"
"Hereni," nasema. Sijatoboa masikio.
Anaweka kikapu chini. Anainama anisaidie.

Hakuna kanuni iliyoandikwa kwa hili.

Robo saa tunatafuta hereni isiyokuwepo
karibu na kopo lisilokuwepo,
yeye akinisimulia goti la mkewe, bei ya siagi,
nami nikiinua mawe na kuyarudisha yalivyolala,
maana chini ya kila moja kuna nyumba ya mtu,
hata kama mtu huyo ni jongoo.
Akaenda zake, akaniachia uyoga wa kutosha supu.
Aibu ilinibana kuliko baridi.

Nililikuta hatua kumi chini, kwenye shimo la mzizi.
Limesogezwa!
Katika mchezo huu hakuna dhambi kubwa kuliko hiyo:
kukigusa cha mwenzio, kukiweka unapopaona wewe panafaa.
Hasira ilikuwa imekwisha andika barua nzima kichwani
nilipofungua.

Ndani mlikuwa mkavu kama kopo la biskuti.
Mwandiko wa penseli, herufi zikipanda mlima:
*Nimelisogeza. Pale maji ya theluji yaliingia.
Samahani sikuomba. Sikujua wa kumwomba.
Zdislava, miaka tisa na nusu.*

Mwenye kopo hasaini kopo lake.
Bořivoj hakuivunja kanuni hiyo hata siku moja.
Nikailamba ncha ya penseli,
nikaandika jina langu chini ya la mtoto,
tarehe, na neno: *Nimelipata.*

Nikalirudisha kwenye mzizi, si kwenye jiwe.
Leo usiku lazima nibadilishe namba za ramani, zile alizozipima yeye.
Ni hatua kumi tu.
Bado sijavua buti.