Sekunde Kumi na Moja

Dundee, saa kumi alfajiri. Juni huku jua halilali vizuri.
Karakanani mabasi matatu yamechomekwa nyaya ubavuni
kama wagonjwa waliotundikiwa dripu.
Nayawekea toleo jipya. Asilimia thelathini. Thelathini na moja.
Chai imepoa, mtandao unajikongoja,
na nje shakwe wanagombea mfuko wa chipsi
kwa sauti za watu wanaodaiana.

Senga atafika saa kumi na nusu.
(Ni Agnes lililosomwa kinyume, asema,
kama basi lililokosa njia likarudi na kitako.)
Ndiye dereva asiyetakiwa kuendesha:
mikono magotini, mguu jirani na breki,
hulipwa ili asifanye kitu, na akikifanya
mimi ndiye wa kueleza kwa nini.
"Miaka ishirini na sita niliushika usukani," huniambia.
"Sasa naushikia macho."

Nimelifundisha basi hili mengi.
Kwamba mvuke wa mtaro si ukuta.
Kwamba ukungu ukipanda kutoka Tay, ukameza daraja,
si mwisho wa dunia, ni Jumanne tu.
Leza yake huhesabu matone ya mvua
na kuyasamehe moja moja.

Kosa lililobaki lina namba, elfu mbili mia moja na nane.
Kituo cha tisa, ukipanda Lochee:
basi hupunguza mwendo, husimama, hufungua mlango,
hungoja sekunde kumi na moja.
Hakuna abiria.
Kuna ua wa michongoma, geti la kijani, taa ya barazani iliyozimwa.
Katika programu yote hakuna mstari unaosema: hapa, ngoja.

Nikarudi kwenye rekodi, miezi saba nyuma.
Novemba, giza, Senga anakanyaga breki.
Sababu aliyoandika: Petrie.
Kesho yake: Petrie.
Wiki ya pili: P.
Na kamera ya mlango inaonyesha mkono,
mkono kwanza, umeinuliwa juu ya ua,
kisha kofia, kisha mzee mwenyewe,
koti upande mmoja amelivaa, upande mmoja linamkimbiza.
Sekunde tisa. Kumi na tatu. Wastani, kumi na moja.
Tarehe nne Aprili mlango ulifunguka, hakutokea mtu.
Hapo Senga hakuandika sababu.
Tarehe tano, alisimama tena.

Tulilisha data bila kuipepeta.
Basi likameza kungoja kwake
likadhani ni umbo la barabara.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, walisema kwetu.
Subira huvuta heri, walisema kwetu pia, watu wale wale,
amri mbili ndani ya faili moja
na hakuna aliyeandika ipi itangulie.
Mimi nimeajiriwa kuandika ipi itangulie.
Nikafuta. Safari mia moja na kumi na mbili,
pamoja na mkono, pamoja na koti.

Asilimia mia.
Senga anaingia na harufu ya mkate uliobabuka.
"Umeliondoa lile la kituo cha tisa?"
"Nimeliondoa."
"Vizuri. Watu wana kazi za kuwahi."
Wala hakunitania.

Saa kumi na mbili na dakika saba, kiti cha nyuma,
kompyuta mapajani. Abiria sita, mmoja amesinzia.
Basi linapanda Lochee laini kama kisu ndani ya siagi,
linakiendea kituo cha tisa bila kusita,
kama nilivyoliomba.

Skrini ikawaka nyekundu: dereva ameingilia.

Mlango ukafunguka.
Baridi ikapanda, ikatafuta pa kukaa.
Hakuna aliyelalamika. Sikuhesabu, sikuwa na haja ya kuhesabu.
Mlango ukafungwa, usukani ukaanza kujizungusha wenyewe,
na kwenye kioo Senga anatazama mbele,
mikono imerudi magotini.

Kisanduku kimefunguka mbele yangu. Sababu?
Kishale kinapepesa, kinapepesa.
Kituo cha kumi tumeshakipita.