Mita Nne kwa Tatu na Nusu

Nilifika Nanyamba saa tatu asubuhi,
tepu mfukoni, penseli sikioni.
Mwenyekiti wa chama cha msingi, Bwana Liduke,
hakunisalimu kwanza; alinionyesha ukuta.
"Hapa. Lile kubwa. Elfu ishirini na nne.
Wenzetu wa Kitaya wamefunga la elfu kumi na nane."

Sikujibu. Nikavuta tepu.

Mita nne. Mita tatu na nusu.
Kutoka sakafuni hadi juu, mbili na robo tatu,
ila "juu" yenyewe ni bati tupu,
na bati la Nanyamba mwezi wa kumi
ni kikaango kilichosahauliwa mekoni.
Dirisha la magharibi halina hata pazia;
jua la alasiri huingia kama mdai,
bila hodi, likakaa hadi litakapo.

"Mnakaa wangapi humu?"
"Mimi, katibu, na mhasibu."
Mhasibu, Tekla, akainua kichwa kwenye leja:
"Na siku ya kusoma bei?"
Kimya. Kisha wote wakacheka,
maana siku ya kusoma bei ya korosho
hata dirishani wanakaa watu.

Hapo ndipo penye kazi.
Chumba unakipimia siku ipi?
Ile moja ya kelele na majasho,
au zile mia tatu za Tekla na feni yake
inayotikisa shingo kama binti anayekataa posa?

Nikawasimulia ya Bi Somoe wa Shangani.
Mwaka wangu wa kwanza kutoka chuoni
nilimfungia chumbani dude la kupozea ukumbi.
Alilitaka, nikanyamaza: fedha yake, baridi yake.
Dude likanguruma dakika tano, chumba kikawa barafu,
likazima.
Likawaka.
Likazima.
Lilipoza upesi mno, halikupata muda wa kunywa unyevu,
na hewa ya Mtwara, mnaijua, ni nguo isiyokauka.
Bi Somoe akawa analala ndani ya baridi yenye jasho,
shuka zikimnata kama chapati mbichi.
Mvua zilipokatika alinifungulia kabati:
picha ya harusi, uso wa marehemu mumewe
umeota ukungu kuanzia shavuni.
Hakunigombeza. Aliuliza tu,
"Fundi, siku ile ulipima nini?"

Bwana Liduke akakuna kidevu.
"Basi dogo. La elfu tisa."
Hilo nalo, mwenyekiti, litakimbia kutwa
kama punda wa kukodi, litameza LUKU ya msimu mzima,
na mdai wako wa alasiri akishaingia
litapumua uvuguvugu na kuomba radhi.

Pigeni silingibodi kwanza.
Tundikeni pazia zito, au pandeni mpapai pale nje.
Kisha la elfu kumi na mbili: litafanya kazi polepole,
litachuruzisha maji yake kwenye bomba,
na leja za Tekla hazitanuka uvundo.
Siku ya kusoma bei, someni uani.
Mkulima aliyetoka shambani kwa miguu
hakufuata baridi; amefuata namba.

"Na wa Kitaya watasemaje?"
Nikafunga daftari.
"Wa Kitaya wamenipigia jana.
Ukuta wao unatoa jasho."

Akacheka mpaka akakaa.

Nilipokuwa nakunja vifaa, Tekla akaniomba tepu.
Akashika ncha moja ukutani nilipoweka alama,
nyingine akaileta hadi kwenye kiti chake,
akaipandisha taratibu, ikafika kisogoni.
"Mita moja na nusu," akasema.
"Nina shingo mbovu, fundi. Lisinipulizie hapa."

Nikaifuta alama.
Nikaihamishia juu ya mlango.