Sorcha Juu ya Kreti

Jukwaa ni kreti nne za bia na ubao juu,
chini ya baa moja ya Roscommon, Alhamisi ya mvua.
Sorcha anashika maiki kama anayepima yai.

"Baba hakuwa mlevi. Nchi hii haina mlevi.
Ina mchangamfu.
Alichangamka miaka thelathini
mpaka ini likadai talaka."

Kicheko. Meza zinagongwa, povu linamwagika.

"Siku ya kumzika tulipita baa sita.
Jeneza lilijua njia.
Wabebaji ndio waliopotea."

Wanacheka, wanafuta macho,
ila Dónal, fundi bomba, pale karibu na choo:
yake anayaacha yachuruzike,
glasi imegandia kidevuni.

Sorcha amemwona. Mzaha unaofuata anauvuruga,
anaanza upya, anauacha.
"Mimi leo siku ya mia na tisa," anasema.
Hakuna anayejua kama acheke.

Mapumziko. Dónal yuko kaunta.
"Nipe maji."
Mwenye baa anakonyeza, anafikia wiski.
"Maji, Fintan. Ya bomba."

Bomba lile aliliunga mwenyewe, mwaka juzi.
Hakuwahi kuyaonja.