Wiki ya Thelathini na Mbili

Kila Agosti alikuja na sanduku moja,
na ndani yake, kimevingirishwa kwenye soksi,
kidude cheupe cha duara
kama kifuniko cha chupa ya chai.
Jina lake Ragnhild. Sisi tukamwita Bi Ranili.
Akiburuta kiti, akipanda, na miaka yake sabini na moja,
akikibandika juu ya kitanda, chini ya makuti.
Jikoni tulikufa kwa kicheko:
mzungu kaja na jogoo wake wa mfukoni.

Wiki ile aliinunua zamani, hoteli ikinuka chokaa mbichi.
Si nyumba, wala si chumba:
siku saba za namba kumi na nne, kila mwaka mpaka afe,
na akifa, wanawe.
Mie sikufahamu. Shamba lina mipaka,
mkarafuu una shina,
wiki waishika wapi?

Usiku wa kwanza alizima taa, akapapasa ukuta
toka kitandani hadi ngazini: hatua kumi na tisa.
Asubuhi akamwendea meneja, Bwana Vuai:
mlango wa nyuma una mnyororo na kufuli,
na mtungi mwekundu wa ukumbini
mshale wake umelalia sifuri.
"Litashughulikiwa," akajibu Vuai.
Mnyororo, tuliambiwa, ni kwa ajili ya wezi.
Mtungi ulipakwa rangi upya kila Shaabani.

Nami ndiye mfagiaji wa kumi na nne.
Nazijua nyaya zilizofungwa kwa mfuko wa nailoni,
soketi inayonuka ukucha ulioungua.
Na kuti kavu nalijua:
nyumba ya shangazi Mwatima, kule Matemwe,
iliisha kabla uji haujachemka.
Tuliokoa mlango, na mbuzi
aliyejiokoa mwenyewe.

Mwaka mmoja kidude kikalia. Saa nane usiku.
Tukakimbia na ndoo, Pandu mlinzi na kiatu kimoja,
tukamkuta Bi Ranili nje mchangani,
miguu mitupu, kajitanda kanga, anahesabu watu.
Ulikuwa ubani tu.
Bibi harusi wa kumi na tano alikuwa akifukiza nguo.
Tukacheka. Yeye hakucheka.
"Wageni ni kumi na wanne. Hapa wapo kumi na mmoja."
Watatu walikuwa vitandani.
Hawakusikia kitu.

Agosti hii hakuja. Imekuja barua:
wiki ina mrithi, na mrithi haitaki,
na hoteli haikubali kurudishiwa.
Basi ipo tu, siku saba, haina mwenyewe,
na chumba kimefungwa.

Mwaka jana alikiacha kidude. Nilidhani kasahau.
Lakini soksini mlikuwa na betri mpya
na kikaratasi: "19. Kushoto."

Mnyororo bado upo. Nimemwomba Vuai ufunguo.
Litashughulikiwa.
Msumeno wa chuma, Kinyasini, elfu sita.
Nimeshauliza.

Kidude nimekitundika kwangu, Pwani Mchangani,
juu ya mlango wa jiko.
Nikikaanga kachori tu, kinapiga ukelele;
mkwe wangu anakilaani na aliyekileta.
Mie natoka uani na mwiko mkononi,
nawahesabu: mmoja, wawili, Subira yuko wapi?
Yule, kwenye kamba ya nguo.
Watatu.
Narudi kuzigeuza kachori.