Kubebesha

Fundi wa Mtwara mjini aliifungua kwa bisibisi,
akachungulia, akapiga mluzi.
"Karani, hii kaipime kilo,
umuuzie mtu wa chuma chakavu."
Kioo chenyewe kilishasema hivyo, kwa adabu,
kila tulipoiwasha:
mfumo huu hauhudumiwi tena.
Kama barua ya kustaafu
isiyotaja kiinua mgongo.

Nikairudisha Kitangari ndani ya gunia.
Chama chetu kina mzani mmoja, ghala moja,
na kompyuta hii, tuliyopewa ikiwa tayari mtumba.
Ndani yake wakulima mia sita na arobaini,
kilo zao, madaraja yao,
msimu wa kulia na msimu wa kuezeka bati.

Ndipo akaja Somoe, binti Hokororo,
yuko likizo kutoka chuo cha ufundi,
flashi inaning'inia shingoni kama hirizi.
Hakuuliza umri wa mashine. Alitoa kwanza feni:
salfa ya misimu kumi na sita imeganda
njano, kama kiini cha yai.
Tukapiga chafya sote wawili.
Tunapulizia mikorosho ubwiriunga usiingie;
nani alijua tunapulizia na hesabu?

"Kumbukumbu yake ndogo," akasema.
Nikamwambia inakumbuka hadi madeni ya marehemu.
Akacheka, akachomeka kipande
alichokichopoa kwenye mzoga wa kompyuta ya shule.

"Mkorosho ukizeeka," akaniuliza, "mnaung'oa?"
Hatung'oi. Tunaukata kifuani, tunangoja uchipue,
tunabebesha kikonyo cha Naliendele.
Mizizi ileile, korosho mpya.
"Basi huu mfumo ni kikonyo."
Bei yake?
"Bure. Wameutunga watu wasiojuana,
kila mmoja na kipande chake."
Nikanyamaza. Huku kwetu cha bure
ni ndugu yake kangomba:
leo unacheka, mnadani unalia.

Umeme ulikatika mara mbili.
Mara ya tatu kamstari keupe kakatambaa, kakasita,
kakatambaa tena, nami nimeshika meza
kana kwamba meza ndiyo itakayoanguka.
Ikawaka.
Si kwa kasi, tusidanganyane:
ukibofya, unaweza kubangua korosho moja ukaila
kabla dirisha halijafunguka.
Lakini linafunguka.
Printa bado imegoma. Stakabadhi naandika kwa mkono.

Kuna kabetri ndani, kadogo kama kifungo cha shati,
kamekufa. Kwa hiyo kila asubuhi
inaamka ikidhani ni tarehe mosi Januari,
elfu mbili na saba.
Naisahihisha: siku, mwezi, mwaka.
Betri ni shilingi elfu mbili.
Somoe aliniandikia namba yake kwenye karatasi;
karatasi iko mfukoni tangu Julai.

Maana dakika ile, kabla sijagusa kitufe,
mkulima namba arobaini na moja,
Esha Nampunju, kilo mia tatu na kumi na mbili,
daraja la kwanza,
hajafa.
Yuko nje ya mlango na kiroba chake,
anagombana na foleni,
anasema karani ni mwanawe, apimiwe wa kwanza.

Namwacha agombane kidogo.
Halafu naandika mwaka.