Kilo Kumi na Moja na Nusu

Mimi sikucheza. Mimi ni fundi wa nyuzi,
meza yangu iko nyuma ya vyoo, ukumbi wa Kamalondo,
na msimu wote niliusikia kwa masikio tu,
kama mtu asikiavyo mvua akiwa chini ya bati.

Raketi hunisimulia mkono ulioishika.
Ya Mwepu hukatika juu kulia: ana hasira, hapigi katikati.
Ya Kalumba haikatiki; Kalumba anaogopa.
Ya Odia, kilo kumi na moja na nusu,
uzi huachia pale pale, kitovuni,
tundu dogo la kupitisha punje ya mtama.

Mji huu hupima kila kitu kwa tani.
Malori ya Likasi hunung'unika mchana kutwa,
kilima cheusi cha mavi ya shaba hakijapungua tangu babu yangu,
nasi tukaanzisha ligi ya kitu cha gramu tano:
kizibo kimoja, manyoya kumi na sita ya bata bukini,
ukikipigia chafya kinapotea njia.

Novemba tulikuwa timu sita.
Jezi mpya. Mishahara ndani ya bahasha, noti bado zina harufu.
Odia akamnunulia mamake jokofu,
likaenda Katuba kwa mkokoteni, yeye akitembea kando
kama anayesindikiza bibi harusi.

Februari bei ya shaba ikashuka, huko inakopangwa.
Mdhamini akaanza kusema wiki ijayo.
Wiki ijayo ni mtaa ambao hakuna aliyewahi kuufika.
Likasi wakajitoa. Kipushi wakauza wavu.
Nikaanza kuganga vinyoya: gundi, uzi wa fundi cherehani,
unyoya wa kanga pale wa bata ulipovunjika.
Viliruka upandeupande, kama mlevi anayeijua nyumba yake,
na wachezaji wakajifunza kumngojea mlevi.

Kalumba akaenda kuchimba mawe.
Raketi yake ninayo. Nyuzi zote nzima.

Juni. Baridi ya asubuhi, vumbi jekundu juu ya mistari myeupe.
Fainali, sisi na Ruashi, mbili kwa mbili,
mchezo wa mwisho Odia na binti mmoja aitwaye Kapya,
seti ya tatu, ishirini kwa kumi na tisa, Kapya mbele.
Hapo nikaiacha meza. Nikasimama mlangoni na koleo mkononi.
Kapya akakiinua juu kabisa, kikamezwa na mwanga wa taa,

umeme ukakatika.

Watu mia nne, hakuna aliyekohoa.
Gramu tano ziko hewani, peke yao, gizani.
Kisha: ti.
Kama mahindi yakiponyoka kwenye ungo.

Simu zikawashwa. Kinyoya kilikuwa chini ya benchi,
kimesukumwa na mguu, au panya, au Mungu.
Mwamuzi akasema hakuna aliyeona, turudie.
Kamalondo nzima ikashusha pumzi.

Odia akainua mkono ule usio na raketi.
"Kilianguka ndani," akasema.
"Hapa, kwenye kisigino changu. Nilikisikia."

Basi. Kombe likapanda teksi kwenda Ruashi.
Mwepu hakumsemesha mpaka Agosti.
Wapo waliosema amenunuliwa.
Kwa pesa zipi? Mishahara ya miezi minne tulikuwa tunaidai,
na lile jokofu lilikuwa limesharudi dukani.

Jumatatu alikuja, akaiweka raketi mezani.
Tundu lile lile, kitovuni.
"Safari hii nifungie kilo kumi," akasema, "mkono umechoka."
Nikamwambia sawa, pitia jioni.

Alipotoka nikaifunga kumi na moja na nusu,
nikaigonga kwa ukucha,
nikaisikiliza.